Siku Usipa Ulipochanganyika

Nakumbuka asubuhi ile niliyoachiwa mchanga mzima wa kijiji chetu, umetandazwa usipa kutoka kwenye mawe ya upande mmoja hadi kwenye matete ya upande wa pili, nikaambiwa niulinde. Wenyewe walikuwa wamepanda mlima kwenda shuleni kujiandikisha kupiga kura. Nilikuwa na digrii ya sayansi ya samaki, kofia pana na fimbo ya kufukuzia kunguru. Mwanangu, kati ya hivyo vyote, kilichonisaidia siku ile ni kofia.

Nakueleza haya kwa sababu juzi ulipokuja kunisalimia nilikuuliza kama umeshajiandikisha, nawe ukacheka. Ukasema, "Shangazi, mimi ni mtu wa maabara, hayo waachie wanasiasa." Sikukujibu pale pale. Ulikuwa na haraka ya kwenda zako, na mimi nilikuwa na chungu jikoni. Lakini neno lile sikulipenda, na nisipokuambia litanikaa rohoni. Basi kaa usome.

Mimi nilizaliwa hapa hapa ufukweni, si mbali na Liuli, unajua. Nikasoma, nikaajiriwa kuwa mtafiti wa samaki, na serikali kwa bahati ikanirudisha nyumbani. Kazi yangu ilikuwa kufuatilia usipa, hawa dagaa wa ziwa letu: unapatikana lini, kwa wingi gani, unaharibika kwa nini kabla ya kufika sokoni. Kila giza, yaani zile siku ambazo mwezi hauonekani na wavuvi wanaweza kuuvuta usipa kwa taa zao, nilishuka ufukweni asubuhi na mizani yangu. Nilimpimia huyu, nikamuuliza yule, nikaandika. Walinizoea. Watoto waliniita Mama Mizani, na wengine wamezeeka bado wananiita hivyo.

Ilikuwa miaka ile kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Vyama vilikuwa vingi tena. Huko juu Mbinga wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupita majumbani, na chama cha ushirika kikawa kinayumba. Huku chini kwetu malori ya wafanyabiashara yakaanza kushuka mpaka mchangani kununua usipa. Wanawake waliokuwa wanakausha usipa wa mboga tu wakajikuta wana biashara, wakanunua mabati, wakasomesha. Mama yangu mdogo, Keziya, alikuwa mmoja wao. Mumewe alikufa ziwani akamwachia watoto wadogo, na wote aliwalea kwa usipa aliokuwa anaununua mtumbwini alfajiri na kuukausha pale mchangani.

Sasa katika huko kufunguliwa akaja mtu mmoja wa mjini, mfanyabiashara, akautazama mchanga wetu akaupenda. Alitaka kujenga nyumba ya wageni na kuzungusha ukuta. Umeuona ufukwe wetu. Kushoto ni mawe, kulia ni matete na tope, na katikati ndipo pana mchanga mpana, mweupe, wenye jua tangu asubuhi. Hapo ndipo palipokuwa jikoni, dukani na shambani kwa wanawake wa kijiji. Ukuta ukipita, Keziya angekausha usipa juu ya nini? Juu ya paa lake? Halmashauri ya wilaya ilisema jambo hilo litaamuliwa baada ya uchaguzi, na diwani atakayeshinda ndiye atakayesema kijiji kinataka nini. Kila mtu kijijini alilijua hilo. Hata bata walilijua.

Wakati huo tulikuwa wanawake wachache mkoani tulioajiriwa kwa kazi za sayansi. Mimi wa samaki, Sabina wa udongo na kahawa kule Mbinga, dada mmoja wa maabara ya hospitali, na mwalimu mmoja wa kemia. Tulikutana Songea kwenye semina, na jioni tukazungumza mambo yetu. Tukagundua sote tumeona jambo moja, kwamba uandikishaji ukija, wanaume wanakwenda, wanawake wanabaki. Tukakubaliana kila mmoja arudi kwao akawahimize akina mama. Hakuna kumtaja mgombea, hakuna kutaja chama. Tuseme tu: jiandikishe, na siku ikifika nenda ukapige. Mkuu wangu wa kazi aliposikia akanionya nisijitie kwenye siasa. Nikamwambia sijamtaja mtu. Akanitazama juu ya miwani, akaendelea na kazi zake.

Nikaanza kwa kishindo. Jumapili baada ya ibada niliomba nafasi, nikasimama mbele ya kanisa nikaeleza. Nilieleza vizuri sana, mwanangu, nikiwa nimevaa gauni la kitenge jipya. Nilieleza haki ni nini, kura ni nini, diwani ana kazi gani. Akina mama walinisikiliza kwa adabu. Walipotoka wakanishika mkono mmoja mmoja, "Tumesikia mwanetu, Mungu akubariki." Nikarudi nyumbani nimejaa sifa.

Kituo kilifunguliwa shuleni, kule juu mlimani, na mwandikishaji alikuwa Mwalimu Gaudensi, mtu wa Umatengo, kule juu Mbinga, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni daima. Siku ya kwanza nilipanda kuangalia, sikukuta mwanamke. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Wanaume walikuwa wanakuja alasiri, wakishaamka usingizi wa kuvua, wanaandikwa, wanakaa kivulini kupiga soga. Mwalimu Gaudensi alikuwa ananiuliza kwa upole unaoudhi, "Hao akina mama zako, dada Tabita, wanakuja na meli?"

Zikabaki siku mbili kituo kifungwe. Nikashuka ufukweni na hasira zangu. Niliwakuta wote pale, wameinama, wanageuza usipa. Nikasimama juu ya jiwe nikawaambia kwamba kaburi wanalichimba wenyewe. Nikawaambia mtu wa ukuta halali, wao ndio wamelala. Nikawauliza kama wanangoja wabebwe. Hakuna aliyeinua kichwa isipokuwa Mama Stella, mwanamke mnene mwenye ulimi, aliyekuwa akinunua usipa mwingi kuliko wote. Yeye alinitazama tu, akatema mate pembeni, akaendelea.

Keziya akaniita. "Tabita, njoo hapa. Vua viatu."

Nikavua.

"Keti. Geuza huu."

Nikageuza. Usipa wa kukausha, kama umesahau, haugeuzwi kwa haraka. Unaupitishia mkono chini taratibu, unautikisa mchanga, unauweka jua upande wa pili, na ukimaliza mkeka mmoja, ule wa kwanza unakuwa umeshafika zamu yake tena. Hapo hapo unaangalia kunguru, unaangalia mbwa, unaangalia bata wa jirani. Niligeuza mpaka mgongo ukaniuma, na jua likanipanda utosini. Mama mdogo hakusema neno. Mtu akinyamaza hivyo karibu yako, mwanangu, afadhali akutukane.

Jua lilipokuwa juu kabisa ndipo aliposema, bila kunitazama.

"Wewe si ndiye unakuja hapa kila giza na mizani?"

"Ni mimi, mama."

"Unajua usipa utajaa siku gani. Hata wavuvi wanakuja kukuuliza."

"Najua."

"Siku za kuandikisha zilipopangwa, hukuwepo?"

Nilikuwepo. Zilisomwa kwenye mkutano wa kata, nami nilikaa mstari wa mbele, nikatikisa kichwa kukubali. Ofisini kwangu ukutani ilining'inia kalenda ya mwezi niliyoichora kwa mkono wangu, giza nimelipaka wino mweusi. Siku za kituo zilikuwa zimeingia ndani ya wino ule, zote. Kule kanisani, nilipokuwa naeleza haki ni nini, nilikuwa nawaambia waende wakajiandikishe katika zile siku ambazo hakuna mwanamke wa hapa anayeondoka mchangani hata akisikia nyumba yake inaungua.

"Nilikuwepo, mama," nikasema.

"Ulimwambia mwalimu?"

Nikainamia usipa, nikaendelea kugeuza.

"Basi usije hapa kutufokea," akasema. "Ungetukuta tumekaa bure, hapo ungekuwa na haki ya kufoka. Ulichojifunza kwa miaka yote hiyo umekiacha ofisini, ukatuletea sauti tu. Sauti hata mchungaji anayo."

Nililia, sikufichi. Nililia nikigeuza usipa, na yeye akaniacha nilie, kisha akanipa maji.

Jioni ile nilimfuata Mwalimu Gaudensi nikamwomba ashushe meza yake ufukweni. Akasikitika kwa kweli. "Kituo ni shule, dada. Nikilitoa daftari hapa ni mimi nitakayefungwa, siyo wewe." Alikuwa sahihi. Nikamwomba aongeze siku. Hilo nalo halikuwa mikononi mwake. Nikashuka mlima sina jibu, na imebaki siku moja.

Ndipo kwa rehema za Mungu Sabina akaingia, amekaa mbele kwenye lori la wanunuzi wa usipa, amefunikwa vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa amemaliza kwao akaja kunitazama. Nikamsimulia. Akacheka, maana yaleyale yalikuwa yamemkuta huko juu. Wanawake wa kwao walikuwa kwenye kuchuma kahawa, na kahawa ikishaiva haisubiri. Yeye aliacha kuhubiri akaenda shambani. Kila mama aliyekwenda kujiandikisha, Sabina alishika kikapu chake akamchumia hadi aliporudi.

"Kesho tushike usipa wao," akasema.

Nikamwambia hajui anachosema. Kwetu usipa wa mtu haushikwi na mtu mwingine. Hata dada hamgeuzii dada yake. Huyu anauosha kwa maji safi, yule anauacha na mchanga. Huyu wake unakauka mweupe, yule wake unakuwa mwekundu, na mnunuzi anatazama. Ukiushika wa mwenzio halafu ukaharibika, neno hilo mtaliongea mpaka kwenye msiba. Ndiyo maana wanawake wale, wanaosaidiana kuzaa na kuzika, hawakuwa wameweza hata kupeana zamu ya kupanda shuleni.

Lakini jibu jingine hatukuwa nalo. Kulipokucha tulikwenda sote wawili, tukakuta wamekwisha kutandaza. Nikawaomba msamaha kwa kuwafokea, kisha nikasema tulichotaka. Halafu Mama Stella akamtazama Sabina kutoka miguuni hadi kichwani.

"Huyu Mmatengo ndiye alinde usipa? Kwao usipa unaota kwenye mti."

Wakacheka, na Sabina naye akacheka, na kicheko kile kilisaidia kidogo. Keziya akajifunga kanga kiunoni. "Wangu ule pale, mpaka kwenye lile jiwe," akaniambia. "Mimi naenda." Akaanza kupanda peke yake bila kugeuka nyuma. Akafuata mwingine, kisha wakafuata wengi. Mama Stella alikwenda wa mwisho, na kabla hajaondoka alinionyesha mipaka ya usipa wake kwa kidole, pande zote, kama mtu anayemwonyesha mpima ardhi shamba lake.

Asubuhi ilikuwa tulivu. Tuligeuza, tukafukuza kunguru, Sabina akagombana na bata mmoja dume aliyemwona mgeni. Kule juu shuleni tuliweza kuona kanga zao zimepangwa mstari mrefu kwenye uwanja. Nilimwonyesha Sabina kwa fimbo, nikamwambia, "Unaona?" Nilikuwa na furaha mpaka nikaona aibu.

Halafu ziwa likabadilika rangi. Wewe umekulia mjini huujui mwera, upepo wa kutoka kusini. Haubishi hodi. Kwanza maji yanakuwa meusi mbali, kisha unasikia baridi shingoni, na kabla hujafunga kanga mchanga unakupiga usoni. Mikeka ya pembeni ikaanza kuinuka. Wimbi moja likapanda likalamba mstari wa chini, likaondoka na usipa wa mtu. La pili likapanda zaidi.

Tukakimbia. Sikuwa na akili ya mipaka tena, mwanangu. Nilishika mkeka nikakunja, nikamwaga juu ya mwingine, nikakokota. Sabina alivua kitenge chake akabaki na gauni la ndani, akawa anazoa kwa kitenge, anapanda nacho juu kwenye nyasi, anamwaga, anarudi. Tulipiga kelele tukaitikiwa na wanaume wawili watatu waliotoka usingizini, wakatusaidia kwa ndoo. Upepo ulipolegea, mchanga ulikuwa mtupu, umepigwa na maji hadi katikati. Na juu kwenye nyasi palikuwa na lundo moja la usipa, kubwa, mweupe na mwekundu, msafi na wa mchanga, wa kila mwanamke pamoja na wa mwenzake.

Walirudi wanakimbia. Waliposikia mwera walitaka kuvunja mstari, nikaja kuambiwa baadaye, ila Keziya alisimama njiani akawaambia anayerudi atakuta yaliyokwisha kutokea, na anayebaki atarudi na kadi. Wakabaki. Kwa hiyo walishuka na kadi zao wamezifunga kwenye pindo za kanga, wakafika, wakalizunguka lundo lile. Sabina alikuwa pembeni yangu akikamua kitenge chake kilicholowa. Mimi nilisema, "Mama zangu, hatukuweza kuutenga." Hilo tu ndilo lililotoka.

Keziya akaleta beseni. Akasema kila mmoja aseme alikuwa na kiasi gani, naye atampimia kwa neno lake. Wakasema. Nitakuambia jambo la kuchekesha, ingawa siku ile halikuchekesha: maneno yalikuwa mengi kuliko usipa. Si kwamba walidanganya wote. Ziwa lilikuwa limechukua lake, na kila mtu aliukumbuka usipa wake ukiwa mwingi. Ikabidi apunguze kila fungu, na waliopunguziwa sana ni wale waliokuwa na mwingi. Aliyeumia kuliko wote ni Mama Stella. Alipewa lake, akalipokea. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha. Akanitazama akasema, "Ulinzi wako nimeuona," akaondoka. Kuanzia siku hiyo hakunisalimia. Nikishuka na mizani, alifunika usipa wake.

Niliumia sana. Tulikuwa tumepata tulichokitaka, akina mama wameandikwa, lakini niliona nimewagombanisha, na niliogopa siku ya kura ikifika hawatarudia. Kujiandikisha ni nusu ya safari. Kadi iliyolala sandukuni haizuii ukuta. Nilimwandikia Sabina kwamba labda tumeharibu. Akanijibu kwamba kwao pia walimlalamikia kwa kuchuma kahawa mbichi pamoja na mbivu.

Siku ya kura iliangukia Jumapili, na ukitazama kalenda yangu utajua nilikosa usingizi kwa nini: mwezi ulikuwa umeingia gizani tena. Safari hii sikusimama kanisani. Nilikuwa nimeazima maturubai na kamba, nimetafuta vijana wa kunisaidia, na nikashuka ufukweni mapema nijitolee kulinda hata kama watanitukana.

Nilikuta jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. Mama Stella alikuwa amesimama katikati ya mchanga, beseni lake kichwani. Alilishusha, akalimwaga juu ya turubai kubwa lililotandazwa mbali na maji, pale upepo usipofika. Akaita, "Mwingine." Akaja mwingine na beseni lile lile, akapima, akamwaga juu ya ule wa Mama Stella. Akaja wa tatu. Kila mmoja alimwaga kiasi sawa, kwa beseni moja, mbele ya macho ya wote, na jioni angechukua kiasi hicho hicho. Walikuwa wamekaa wenyewe wakapanga, bila mimi wala mizani yangu. Wazee wawili wangekaa kulinda, na wa kwanza kupiga kura wangeshuka kuwapokea nao wakapige.

Nikamsogelea. "Shikamoo, Mama Stella. Nimekuja kusaidia kulinda."

Ndipo aliponijibu kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Marahaba. Wewe nenda kapige kura yako," akasema. "Ulinzi wako tunaujua."

Wote wakaangua kicheko, na Keziya ndiye aliyecheka zaidi. Nami nikapanda mlima pamoja nao, nikasimama kwenye mstari nyuma ya Mama Stella, na mstari ule ulitoka mlangoni mwa darasa ukapita uwanja ukaingia barabarani. Mwalimu Gaudensi ndiye aliyekuwa msimamizi safari hii. Aliponiona akatazama mstari, akatazama kalamu zake, akasema taratibu, "Kumbe meli imefika."

Utaniuliza nani alishinda. Nilivyosikia wakinong'ona, mtu waliyemtaka wengi wao hakushinda. Alishinda mwingine, ambaye watu walisema amekula chakula cha mtu wa ukuta. Jioni ile matokeo yalipobandikwa nilimwona mama mdogo amekaa chini, mikono mapajani, nikadhani sasa ataniambia ilikuwa kazi bure. Hakusema hivyo. Alisema, "Ametuona."

Na ni kweli alituona. Diwani yule alikuwa amesimama pale shuleni siku nzima akiutazama ule mstari wa kanga. Kabla halmashauri haijakaa alikuja ufukweni, amevaa viatu vya kamba, mchanga ukamwingia. Akawasalimia wanawake mmoja mmoja kwa majina, majina ambayo nadhani alikuwa amejifunza jana yake. Akauliza wanataka nini. Mama Stella akamwonyesha mipaka kwa kidole, kutoka kwenye mawe mpaka kwenye matete. Ukuta ulijengwa, ndiyo, lakini ng'ambo ya mawe, na mchanga wetu upo mpaka leo. Umeukanyaga mwenyewe ulipokuwa mdogo, ukafukuzwa na bata.

Keziya alishafariki, Mungu amlaze pema. Mama Stella yupo, haoni vizuri, lakini kila uchaguzi anapelekwa kwa bodaboda. Na wanawake wa kijiji chetu, siku za kura na siku za msiba, bado wanamwaga usipa pamoja kwa beseni moja. Wasichana wa leo wanadhani ni desturi ya tangu mababu. Siwasahihishi.

Basi mwanangu, nasema sasa bila kuzunguka. Hakuna mtu wa maabara tu. Unapima maji tunayokunywa, na diwani ndiye anayeamua bomba lipite wapi. Huwezi kusema hayo hayakuhusu. Jiandikishe wiki hii, usingoje siku ya mwisho. Siku ya kura nenda, hata kama unayemtaka anaelekea kushindwa, kwa sababu aliyeshinda atakumbuka nani alisimama mstarini na nani hakuonekana. Halafu usiende peke yako. Angalia jirani yako amezuiwa na nini, uanzie hapo. Kama ni mtoto mgonjwa, kama ni genge lake, kama ni mzee asiyeweza kutembea, kizuizi hicho ukishike wewe kwa saa mbili, na ukikishika vibaya omba msamaha, urudi tena. Usimfokee mtu ambaye mikono yake imejaa kazi. Na ulichokisoma, kitoe huko ofisini. Mimi yangu ilikuwa kalenda ya mwezi. Yako unaijua mwenyewe.

Mungu akupe macho ya kuona mapema nilichochelewa kuona mimi. Akupe miguu ya kufika kituoni, na uvumilivu wa mstari mrefu. Na siku mwera ukikukuta ukiwa mbali, akupe mtu wa kukuokolea usipa wako, hata kama atauchanganya.